Gereji Namba 41, Rustavi

Giaboksi ya zamani bado iko sakafuni,
imelalia gazeti, inavuja oili nyeusi
yenye harufu ya mkate ulioungua.
Mpya si mpya: ilichomolewa kwenye gari lililogongwa Ohio,
ikavuka bahari ndani ya kontena,
namba yake kwa chaki ya njano,
mwandiko wa mtu nisiyemjua.
Siku nne nimelala chali chini ya Subaru hii,
theluji ikiipulizia miguu yangu iliyobaki nje.

Nikafunga bolti ya mwisho. Nikashusha jeki.
Nikawasha.

Ikaunguruma, nikacheka peke yangu.
Nikatia D. Kimya.
Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne,
ndipo ikashtuka, ikaruka mbele
kama punda aliyechomwa sindano,
na taa zote za dashibodi zikawaka pamoja,
mti wa Krismasi wiki tatu baada ya sikukuu.

Oili? Nikapima injini ikiwaka, kama ipasavyo:
iko kwenye alama, nyekundu kama maji ya komamanga.
Konveta? Niliisikia ikizama mahali pake,
tko, tko, tko, naweza kuapa.
Plagi za nyaya nikazichomoa, nikazipuliza, nikazichomeka.
Zurab akaja na kikompyuta chake,
kikatema makosa kumi na moja:
ya giaboksi, ya usukani, ya breki, hata ya mfuko wa hewa.
"Umeuziwa maiti," akasema, akawasha sigara, akaondoka.
Nikampigia muuzaji, nikamtukana mpaka simu ikazima.
Hakunijibu vibaya. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi Eteri anatua Kutaisi.
Miaka mitatu Bari, akimlisha uji mzee wa watu,
akituma pesa, na pesa yenyewe ndiyo hii imegoma.
Nilimwambia: usipande basi. Nitakuja mwenyewe.

Jioni akashuka mama yake, Nanuli,
miaka sabini na miwili, ndani ya koti la marehemu mumewe.
Aliendesha kreni kiwanda cha chuma,
juu kabisa, pale ambapo wanaume walisali kwanza.
Hakuuliza kitu. Akaketi kwenye usukani,
akakanyaga breki, akatia R, akarudisha P, akatia R tena,
macho yake si kwenye dashibodi: ukutani,
kwenye miduara miwili ya mwanga wa taa.
"Tazama. Kila nikigusa gia, zinasinzia."
Nikasema betri ni mpya.
"Sikuuliza betri. Umeme kwenda unakwenda.
Unarudi kwa njia gani?"

Nikanyamaza.

"Kreni yangu iliwahi kufanya hivi.
Umeme ukikosa njia ya kurudi, hauketi ukangoja.
Unapita kwa majirani, unagonga kila mlango,
na kila mlango unalalamika."

Nikarudi chini, tochi mdomoni.
Nyuma ya injini, juu ya bega la giaboksi,
mahali ambapo mkono hufika na jicho halifiki,
vidole vikaukuta: waya uliosukwa, mnene kama gumba,
unaning'inia, hauna bolti.
Bolti ilikuwa kwenye kopo la kahawa,
ile moja iliyosalia, niliyojiambia
kila kazi hubakiza bolti moja.
Nilimsaka mchawi mpaka bandari ya Poti;
kumbe analala kwangu, anavaa viatu vyangu.

Nikasugua kutu kwa msasa. Spana namba kumi na mbili.
D: laini, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake.
R. D. Taa ukutani hazikupepesa.

Kesho nitampigia muuzaji. Sijui nitaanzaje.

Nanuli bado ameshika usukani.
"Usimwambie Eteri," akasema. "Atajua tulihangaika."
Kisha, bila kushuka,
akauliza kama kule Rikoti, mlimani, kuna theluji,
na kama kiti cha nyuma
kinamtosha mtu mmoja.